Kivuko cha Mtu Mmoja

Mara ya mwisho nilipopita Ndera, kaunti ya Tana River, kijana mmoja alinichagulia mahali pa kusimama ili nipate mtandao. "Hapo hapo, mzee, usisogee." Palikuwa chini ya mwembe, kando ya kichuguu, hatua kama tatu kutoka kwenye shina. Nikijongea kuelekea mtoni, maneno ya ninayezungumza naye yanakatika. Upande wa pili wa uwanja, juu ya paa la mabati la duka, palikuwa na sahani nyeupe ya setilaiti, na mwenye duka aliuza intaneti kwa saa. Wenye shilingi walikaa kwenye benchi lake wakitazama mpira. Wasio nazo walibaki nasi kichuguuni, simu zimeinuliwa juu kama watu wanaopima upepo.

Hapo ndipo liliponirudia swali ninaloulizwa kila ninapoandika kuhusu mabwanyenye wa teknolojia: hawa watu wanataka nini kwetu? Elon Musk na Mark Zuckerberg, kila mmoja ana mali inayozidi pato la taifa la Kenya la mwaka mzima. Mtu wa namna hiyo ana haja gani na mkulima wa maembe wa Ndera, au na mfugaji wa Kiorma anayenywesha ng'ombe wake mto Tana? Wengine hujibu kwamba ni tamaa, wengine kwamba ni ukarimu, na baraza huishia hapo kwa kelele.

Msimamo wangu ni kwamba tunapima kitu kisicho na mizani. Nia zao zipo, nami nitazieleza, lakini kinachotuhusu ni kama tunaweza kuwakatalia na maisha yetu yakaendelea. Watu wa mtoni wanalijua hili kuliko maprofesa. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya masika ya 2024 yalipoikata barabara ya Garissa pale Madogo, abiria walivuka kwa boti. Mwishoni mwa Aprili 2024 boti moja ilipinduka huko na watu wakapoteza maisha. Waliopanda hawakuwa wajinga, na walijua mto umefura. Njia nyingine haikuwepo. Mwenye kivuko cha pekee anaweza kuwa mcha Mungu au mnyang'anyi, na ukishaketi ndani ya chombo chake, tofauti hiyo ni bahati yako tu, huna haki ya kuidai.

Tuanze na nia, kwa sababu zikieleweka zitapunguza uchawi. Mali ya watu hawa haiko benki. Iko kwenye hisa za kampuni walizozianzisha, na bei ya hisa ni utabiri: ni kile ambacho mnunuzi wa leo anaamini kampuni itachuma kesho. Kampuni iliyoacha kukua huporomoka bei hata kama inapata faida. Sasa, Marekani na Ulaya karibu kila mtu mzima ameshaingia mtandaoni. Hadithi ya kukua inahitaji watu ambao bado hawajaingia, na hao ndio sisi wa kichuguuni. Mfugaji asiye na kitu mfukoni anahesabiwa kama mteja wa kesho, na hesabu hiyo inampa mtu faida leo huko California, hata kama mfugaji mwenyewe hatanunua chochote maishani. Ndiyo maana bilionea anaweza kumfuata maskini bila kuwa mwizi na bila kuwa mtakatifu.

Nia ya pili ni hofu ya bilionea kwa mwenzake. Tarehe 1 Septemba 2016 Zuckerberg alitua Nairobi, akazungumza na vijana wa teknolojia, akala ugali na samaki kwa Mama Oliech, na magazeti yakapamba picha. Siku hiyo hiyo, huko Florida, roketi ya kampuni ya Musk, SpaceX, ililipuka ikiwa bado ardhini. Juu yake ilikuwa setilaiti ya AMOS-6, ambayo Facebook ilikuwa imepanga kuitumia kusambaza intaneti Afrika kusini mwa Sahara. Zuckerberg alieleza masikitiko yake akiwa huku huku kwetu. Leo yule mwenye roketi ndiye anayeuza intaneti mwenyewe: Starlink iliingia Kenya Julai 2023. Sisi tuliona mgeni anayekula samaki kwa mikono, kumbe juu ya vichwa vyetu palikuwa na mbio za nani atafika kwanza kwenye kivuko.

Ya tatu ni imani. Wengi wao wanaamini kweli kwamba wanaokoa dunia, na sioni haja ya kuwaita wanafiki. Lakini mtu aliyejiaminisha kwamba ni mwokozi haombi ruhusa. Wapokomo wa mto Tana wana kumbukumbu chungu ya jambo hili. Ngadzi, ngoma yao takatifu, haikuwa chombo cha kuchezea tu, ilikuwa sauti ya mamlaka, na ikilia watu walijua wameitwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 maofisa wa Kiingereza waliichukua, na mpaka leo imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Uingereza, London. Waliamini wanaleta ustaarabu. Aliyenyang'anywa ngoma hakupunguziwa maumivu na imani yao, na wala hapakuwa na mlango wa kubisha hodi kuiomba irudi.

Tazama sasa kisa kilichotupata wenyewe. Julai 2023 kampuni ya Tools for Humanity, ambayo Sam Altman ni mmoja wa waanzilishi wake, ilizindua Worldcoin. Nairobi watu walipanga foleni kwenye jumba la KICC na kwenye maduka makubwa, wakatazama ndani ya tufe la chuma linalong'aa, nalo likapiga picha mboni za macho yao. Malipo yalikuwa sarafu 25 za kidijitali, zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Kufikia tarehe 2 Agosti serikali iliposimamisha shughuli hiyo, Wakenya wapatao 350,000 walikuwa wameshajiandikisha. Altman huyo huyo ndiye kiongozi wa OpenAI, iliyotoa ChatGPT Novemba 2022. Sababu iliyotolewa ya kupiga picha macho ni kwamba siku zijazo mashine zitaiga binadamu kiasi kwamba kila mtu atahitaji kuthibitisha kuwa yeye ni mtu. Kwa maneno mengine, mkono mmoja unauza homa na mwingine unauza dawa. Na kivuko kilichokuwa kikijengwa kilikuwa kikubwa kuliko vyote: cheti cha ubinadamu, chenye mwenyewe.

Mnamo tarehe 5 Mei 2025, katika kesi iliyofunguliwa na taasisi ya Katiba Institute, Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu aliamuru data hizo za mwili zifutwe ndani ya siku 7 chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Mahakama iliona mambo mawili ninayotaka uyashike. La kwanza, tathmini ya athari inayotakiwa na sheria haikuwa imefanywa ipasavyo. La pili, ridhaa iliyopatikana kwa kuning'iniza pesa mbele ya mtu si ridhaa. Hili la pili ndilo kiini. Shilingi 7,000 kwa mtu mwenye mshahara ni zawadi. Kwa kijana aliyelala na njaa, ni mtumbwi wa mwisho jioni.

Utaniambia kwamba hayo ni ya Nairobi, Ndera yanahusu nini? Yanahusu kwa njia mbili. Ndera ina hifadhi ya jamii, na hifadhi hiyo ni mwanachama wa shirika la Northern Rangelands Trust, NRT, lililoanzishwa 2004. Huko Isiolo, Samburu, Marsabit na Laikipia, shirika hilo linaendesha mradi wa hewa ukaa: malisho yakipumzishwa, udongo unahifadhi kaboni, na vyeti vya kaboni hiyo vinauzwa kwa makampuni yanayotaka kusema yamefidia moshi wao. Miongoni mwa wanunuzi walikuwemo Netflix na Meta, kampuni ya Zuckerberg. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili, Biliqo Bulesa na Cherab, ziliundwa kinyume cha sheria kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na Biliqo Bulesa ni sehemu ya mradi huo wa kaboni. Mradi ule hauko Tana River. Lakini mtindo wake unasafiri, na mtu wa Ndera anapaswa kujua kwamba majani anayokula ng'ombe wa jirani yake kaskazini yaliwahi kuwa bidhaa kwenye hesabu za kampuni ya mtandao tunayoiita Facebook.

Njia ya pili ilikuja kutoka upande ambao hakuna aliyeutazama. Kwa miaka mingi shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa mmoja wa wafadhili wakubwa wa NRT, mbali na dawa na chakula lilizogharamia kote nchini. Januari 2025 misaada ikasimamishwa. Mapema Februari Musk, aliyekuwa amepewa kazi ya kupunguza matumizi ya serikali ya Marekani, akaandika kwenye mtandao anaoumiliki kwamba wikendi hiyo walikuwa wakiipitisha USAID kwenye mashine ya kusagia mbao. Kufikia tarehe 1 Julai shirika hilo lilikuwa limefungwa rasmi. Sitetei misaada, na nimeshaandika hapa kwamba kijiji kinachoishi kwa mfadhili hulala mguu mmoja nje. Ninachosema ni kwamba mtu ambaye hakuwahi kupigiwa kura na Mmarekani, seuze Mkenya, aliweza kukata mshahara wa askari wa hifadhi na dawa ya mgonjwa, huku kampuni yake ikiuza sahani za setilaiti katika kaunti zile zile.

Na asidhani mtu kwamba sahani hiyo iko juu ya siasa. Mwaka 2022, vita vikiwa vimepamba moto, Ukraine iliomba Starlink iwashwe karibu na Crimea. Musk mwenyewe amethibitisha kwamba alikataa. Pengine alikuwa na hoja. Lakini ikiwa serikali nzima iliyo vitani inaomba na kuambiwa hapana na mtu mmoja, mwenye duka wa Ndera atamwomba nani siku bei ikipanda?

Makosa tunayojidanganya nayo

Kosa la kwanza ni kusema, "Sisi hatuna cha kuibiwa." Hili nimelisikia kutoka kwa watu wazima wenye akili timamu. Kama tungekuwa hatuna kitu, tufe la chuma lisingesafirishwa kutoka ng'ambo kuja kututazama machoni. Tuna sura, sauti, lugha, malisho, na tuna idadi. Kuna kazi pia: TIME iliripoti Januari 2023 kwamba vijana walioajiriwa Nairobi na kampuni ya Sama kusoma uchafu wa mtandao, ili ChatGPT ifundishwe adabu, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Asiye na kitu hafuatwi.

Kosa la pili ni kusema, "Hakuna aliyelazimishwa." Kweli, hakuna aliyeshikiwa panga. Lakini hiari inahitaji njia mbili. Facebook ilipoleta huduma yake ya intaneti ya bure Kenya kupitia Airtel mwaka 2014, mtu aliweza kuingia Facebook na kurasa chache zilizoteuliwa bila bando, na kwingineko kote alipie. India iliitazama huduma ya aina hiyo, na Februari 2016 mdhibiti wake wa mawasiliano akaipiga marufuku, kwa hoja kwamba mwenye barabara hawezi kuchagua maduka ambayo maskini ataruhusiwa kuyafikia. Sisi tuliipokea na kushukuru. Matokeo yake, ukimuuliza kijana kijijini kama ana intaneti, huenda akakujibu kwamba ana Facebook.

Kosa la tatu ni la wale wanaodhani wamejanjaruka. Wanasema bilionea Bill Gates anatia vidude kwenye chanjo, kwamba kuna mpango wa kutupunguza. Uvumi huu ni zawadi kubwa kwa wenye nguvu, kwa sababu unamfanya kila anayehoji aonekane mwehu. Jambo halisi lilikuwa kwenye gazeti la serikali, wazi kabisa: Oktoba 2024 serikali ya Kenya iliupa Wakfu wa Gates kinga na mapendeleo kama ya balozi. Chama cha Mawakili wa Kenya kikaenda kortini, na Novemba Mahakama Kuu ikasimamisha kinga hizo. Hapakuwa na siri wala uchawi. Mtu mwenye nia njema alipewa njia ya kutoshtakiwa, na hiyo inatosha kuwa tatizo.

Kosa la nne ni kudhani mitandao ni kioo tu kinachoonyesha tulivyo. Watu wa Tana Delta hawastahili kuamini hivyo. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 mapigano kati ya Wapokomo na Waorma yaliua zaidi ya watu 100. Mizizi yake ilikuwa ardhi, maji na siasa za uchaguzi, lakini kila shambulio lilitanguliwa na kufuatwa na maneno: nani amesema nini, nani ameonekana wapi. Wakati huo maneno yalitembea kwa miguu na kwa simu za kawaida. Leo yanapita kwenye mashine iliyoundwa kusukuma mbele kile kinachowafanya watu wakae wakitazama, na hasira huwakalisha watu kuliko suluhu. Abrham Meareg, Mwethiopia ambaye baba yake, profesa wa kemia, aliuawa Novemba 2021 baada ya kuandamwa kwenye Facebook, aliishtaki Meta Nairobi. Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema ina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo. Muulize mwenye mashine ni wangapi katika wafanyakazi wake wanaosoma Kipokomo au Kiorma na kuelewa tusi linapogeuka kuwa wito wa kuua.

Tufanye nini

Sishauri mtu apande kwenye paa na kuing'oa ile sahani. Mama mjamzito anayeweza kumpigia mhudumu wa afya usiku amepata kitu cha kweli. Dawa ya kivuko kimoja ni kuwa na cha pili, na sheria ya kuvisimamia vyote viwili.

Kwanza, ardhi isajiliwe. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mkataba wowote wa uwekezaji kwenye ardhi ya jamii hausimami bila kukubaliwa na theluthi mbili ya wanajamii watu wazima waliokutana mkutanoni. Lakini ardhi isiyosajiliwa iko mikononi mwa serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii, na hapo ndipo mikataba hupita nyuma ya nyumba. Pili, atakayekuja na biashara ya hewa ukaa aulizwe kuhusu marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi: mradi wa ardhi unapaswa kuipa jamii kila mwaka angalau asilimia 40 ya mapato baada ya gharama. Neno la kuangaliwa hapo ni "gharama". Gharama nani anazihesabu, na nani anazikagua? Mkataba usomwe kwa Kiswahili, Kipokomo na Kiorma, mbele ya wazee wa Gasa ya Wapokomo na wa Matadheda ya Waorma pamoja, si mbele ya kila upande peke yake. Mgeni anayekataa kusomewa mbele ya wote ameshajieleza.

Tatu, tujenge cha kwetu. Mamlaka ya Mawasiliano ina leseni ya mitandao ya jamii, na vijana wa Tunapanda kule Kibera wameonyesha kwamba mtandao unaweza kuendeshwa na wakazi wenyewe. Upo pia Mfuko wa Huduma kwa Wote, unaochangiwa na makampuni ya mawasiliano kwa ajili ya maeneo kama Ndera. Wabunge na madiwani wa Tana River waulizwe kila mwaka: mlingoti wetu uko wapi? Wala tusidanganyike kwamba mkubwa wa nyumbani ni mkombozi. Mwaka 2024 Safaricom iliiandikia Mamlaka ikitaka watoa huduma wa setilaiti wafanye kazi chini ya makampuni yenye leseni hapa nchini tu. Fahali wawili walikuwa wakigombana, na nyasi hazikuulizwa.

Nne, na hili nalisema nikiwa nimeshika katiba mkononi, tuzoee kushtaki. Kwa muda mrefu jibu la makampuni haya lilikuwa moja: sisi si wa Kenya, njooni California. Februari 2023, katika kesi ya Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja machapisho ya Facebook Nairobi, mahakama ya kazi ilikataa jibu hilo, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono kwamba Meta inaweza kushtakiwa hapa. Hukumu hiyo ina thamani kuliko sahani zote zilizoko juu ya mapaa yetu, maana ndiyo njia ya kwanza tuliyopata ya kumwambia mwenye kivuko kwamba naye ana wa kumjibu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Ndera, gari jeupe likifika uwanjani na vijana wenye fulana mpya wakishuka na zawadi, usipoteze muda kuwauliza kama wana roho nzuri. Waulize maswali matatu: tukikataa, tutapoteza nini? Tukikubali na baadaye tukabadili nia, tutatokaje? Na mkitukosea, tutawashtaki wapi? Jibu la swali la mwisho wasipolijua, wajibie wewe. Mahakama Kuu ina kituo Garsen.